Katana Hakulala

Salma mwanangu,

Salamu zangu utazipata kwa mdomo kesho stesheni Miritini, kwa hivyo hapa sitazirefusha. Umevuka kwenda Likoni kumuaga nyanya yako, na namjua, hatakuachilia mpaka ule, basi nina alasiri nzima peke yangu. Sanduku lako liko wazi kitandani. Sitalipanga upya, ingawa mikono inaniwasha.

Habari za baridi ya Athi River, za kutafuta chumba chenye maji, za watu wa kuwaamini na wa kuwaepuka, umeshaambiwa na kila aliyepita mlangoni wiki hii. Hayo nayaacha. Nataka kukuandikia juu ya kazi yenyewe. Unakwenda kuwa afisa wa wafanyakazi katika kiwanda cha nguo. Maana yake ni kwamba mtu akikosea, au akidhaniwa amekosea, ataletwa mbele yako, na neno lako ndilo litakaloamua kama kesho yake ataamka ana kazi au hana. Mimi nimekikalia kiti hicho tangu nilipofungua dobi letu la kufulia nguo hapa Kisauni, na kwa muda mrefu nilikikalia vibaya.

Kuna kisa unachokijua nusu, ile nusu inayokuhusu wewe. Hii hapa nusu ya pili.

Unamkumbuka Katana? Yule mtu mrefu wa Kaloleni aliyekuwa akikusukuma ndani ya kigari cha mashuka, nami nikiwagombeza nyote wawili. Alikuwa akifanya kazi chumba cha kukunjia. Mashuka na taulo za mahoteli zikitoka kwenye mashine za kukausha, zilikuja kwake na kwa Mwanahamisi, nao wakizikunja na kuzifunga tayari kwa gari. Hakuwa msemaji. Ukimsalimu alikuitikia vizuri, ukimtuma alikwenda, basi. Nilimpenda kwa kuwa hakunisumbua. Siku hizi mfanyakazi asiyenisumbua kamwe hunitia wasiwasi, lakini wakati ule nilidhani huo ndio uzuri wa mtu.

Mwaka ule stima ilikuwa ikipotea mara kwa mara, nasi tulikuwa na jenereta uani. Jirani wa nyuma akalalamika kwamba kelele hazimpi usingizi mtoto wake mchanga. Kisha watu wakatuibia dizeli, mara mbili. Mjomba wako Twalib, ambaye alikuwa akinisimamia magari, akasema, "Dada, iingize ile jenereta stoo. Tutatoa bomba la moshi dirishani, mambo yaishe." Nikakubali pale pale, nimesimama, chai mkononi. Sikumuuliza fundi wa jenereta. Sikuwauliza wale wanaofanya kazi karibu na stoo. Na stoo ile, kama unavyokumbuka, ilipakana na chumba cha kukunjia, na ukuta wa katikati haukufika juu kwenye paa. Ulikuwa na uwazi wa kupitisha mkono na kichwa.

Kiangazi hatukuona kitu. Milango ilikuwa wazi, upepo unapita. Masika ilipokuja tukaanza kufunga milango na madirisha ili mashuka yasirushiwe maji, na upepo wa nje ukawa unausukuma moshi urudi ndani. Harufu ya dizeli ilikuwako, lakini ilichanganyika na ya sabuni na dawa ya madoa, tukaizoea. Watu wakaanza kuumwa na kichwa. Mimi nikasema ni joto la mashine. Niliwawekea maji ya baridi na nikajiona mwajiri mwema.

Siku moja ya mvua, stima imepotea tangu asubuhi, Twalib akanijia ofisini na simu mkononi. "Njoo ujionee mwenyewe, maana nikikwambia utasema namchukia." Nikamfuata. Katana alikuwa amelala juu ya rundo la taulo safi, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia. Taulo za hoteli ile iliyokuwa ikituhesabia kila doa. Twalib alikuwa amekwisha kumpiga picha.

Nikamwita mara ya kwanza asisikie. Mara ya pili akafungua macho, akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka mimi ni nani.

"Katana! Nimekuajiri uje kulala?"

"Naam, Mama Salma." Akajaribu kusimama, akashika meza. "Miguu imekataa. Kichwa hiki..."

"Kichwa! Kila siku kichwa. Na jana pia ulikuwa ukisinzia, nimeambiwa."

"Mama Salma, nisikilize kidogo tu."

"Nikusikilize nini? Macho yangu hayaoni? Nenda nyumbani kwako ukalale vizuri, na usirudi hapa."

Wenziwe walikuwa wamesimama mlangoni. Nilisema kwa sauti ya juu makusudi, ili nao wapate funzo. Twalib akacheka kidogo, akasema, "Bwana Usingizi." Katana akatafuta viatu vyake chini ya meza kwa muda mrefu, kama mtu aliye gizani, kisha akatoka na mvua. Niliporudi ofisini nilijiona mtu wa msimamo. Nakumbuka hata nilimpigia simu rafiki yangu mmoja nikamweleza jinsi nilivyolimaliza jambo haraka.

Sheria yetu ya kazi unaijua kuliko mimi. Inasema kabla hujamfukuza mtu kwa kosa, umweleze kosa hilo kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenziwe aliyemchagua mwenyewe, na umsikilize atakalosema, yeye na huyo mwenziwe, ndipo uamue. Nilikuwa nimesikia habari hiyo. Niliichukulia kama mambo ya makampuni makubwa, adabu ya ofisi zenye kapeti. Nilidhani imewekwa kumlinda mvivu. Haikunipitikia kamwe kwamba ilikuwa inanilinda mimi, na inakulinda wewe.

Maana siku chache baadaye skuli zilifungwa, ukawa unakuja nami dobi. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulikuwa ukipenda chumba cha kukunjia kwa sababu taulo zikitoka kwenye mashine zina joto na zinanukia. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa, stima haipo, milango imefungwa. Ulijilaza juu ya taulo na kitabu chako. Mimi nilikuwa mbele, nabishana na dereva wa hoteli. Mwanahamisi alikuwa ametoka kwenda msalani. Aliporudi alikukuta umelala, akakuita, hukuitika. Akakutikisa. Akakuburuta kwa mikono mpaka uani, kwenye mvua, ndipo akapiga kelele.

Hiyo ndiyo nusu unayoijua: tuktuk, hospitali, ile barakoa ya hewa usoni, na mimi nikikushika mguu kwa sababu ndicho kiungo pekee walichoniruhusu kushika. Hukuyasikia yaliyosemwa hapo kando ya kitanda chako.

Daktari alikuwa msichana mdogo, pengine wa umri ulionao wewe leo. Aliniuliza, "Mama, pale alipokuwa pana jiko la makaa, au jenereta?"

"Jenereta ipo, lakini chumba cha pili."

"Huu ni moshi. Moshi wenye sumu isiyoonekana wala kunuka, na mtu akiuvuta anachoka, anaumwa kichwa, analala. Wengine hawaamki." Kisha akauliza, "Kuna mwengine hapo kazini ambaye amekuwa akiumwa kichwa?"

Mimi nikafungua mdomo nikitaka kusema hakuna. Mwanahamisi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, nguo zimelowa chepechepe, akasema, "Sote."

Nikamgeukia. "Sote? Mbona hamkuniambia?"

Akaniangalia bila ya hasira. "Katana alikwambia, Mama Salma."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kuburutwa na mabenki, na baba yako, Mungu amrehemu, alipofariki nilisikia maneno ya watu mpaka nikaziba masikio. Hakuna neno lililonipata kama hilo, na lilisemwa kwa upole. Maana ilikuwa kweli tupu. Nilikuwa nimewaonyesha wote, kwa sauti ya juu, kinachompata anayesema anaumwa na kichwa.

Wewe ulipolala juu ya taulo zile zile, nilikubeba nikilia. Katana alipolala juu yake, nilimfukuza. Tofauti ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba wewe ni wangu.

Nilimpigia Twalib simu kutoka hospitali nikamwambia azime jenereta na awatoe watu wote nje. Akasema, "Na mzigo wa jioni?" Nikamwambia, "Twalib, wallahi ukimbakisha mtu mmoja ndani, udugu wetu umekwisha." Mzigo haukwenda. Hoteli moja ilituacha wiki ile ile na haikurudi.

Ajali ya kazini inayomuumiza mtu unatakiwa uitolee taarifa kwa wakaguzi wa usalama mwenyewe, usingoje waisikie. Twalib alisema nikijipeleka nitajifunga kitanzi. Nilikwenda. Sikwenda kwa ushujaa. Nilikwenda kwa sababu nilishindwa kulala nikifikiri kuna kitu kingine ndani ya jengo langu nisichokijua. Mkaguzi alikuja, mtu mkimya mwenye viatu vizito, akatembea kila pembe. Chumba kile akakifunga mpaka jenereta itoke. Aliniuliza kama nimewahi kukaa na wafanyakazi wangu nikawauliza ni nini kinachowaumiza au kuwatisha hapa. Nikamwambia mlango wangu uko wazi siku zote. Akaandika kitu. Baadaye ndipo nilipoelewa. Mlango ukiwa wazi na aliyeingia wa mwisho akatoka bila kazi, nani ataingia tena?

Nikataka kumtafuta Katana, lakini kabla sijafika kwake nilipata wito. Alikuwa amekwenda ofisi ya leba kunishtaki.

Nilikwenda na Twalib, na njia nzima alikuwa akinifundisha maneno. "Wewe useme alilala. Picha ninayo. Mambo ya moshi usiyataje, hayo ni mengine na haya ni mengine. Nani atajua kwamba yeye naye ni moshi? Labda alikuwa amekunywa mnazi." Nilimsikiliza. Sitakudanganya kwamba sikuvutwa na maneno yake. Biashara ilikuwa inayumba, na bima ya wafanyakazi, ambayo sheria inamtaka kila mwajiri awe nayo, mimi nilikuwa nimeiacha nikisema nitaikata mwaka ujao. Nilijua nikifungua mdomo wangu nitalipa kutoka mfukoni.

Katana alikuwa ameketi kwenye benchi, amevaa shati la kanisani. Alikuwa amekonda. Alisimama nilipoingia, akasema, "Hujambo, Mama Salma," kama vile tumekutana sokoni. Nikamjibu, nikakaa.

Afisa wa leba alimwacha aseme kwanza. Alisema machache. Kwamba kichwa kilimuuma siku nyingi, kwamba siku ile miguu ilikufa, kwamba hakumbuki kulala, anakumbuka tu kuitwa. Twalib akaitoa simu yake akaiweka mezani. "Bwana afisa, hii hapa. Picha haisemi uongo."

Afisa akaitazama, kisha akanigeukia mimi. "Mama, na wewe unasemaje?"

Niliiangalia ile picha. Nilikuwa sijaiona vizuri siku ile. Nikaona jinsi mkono ulivyoning'inia. Hapana mtu anayelala hivyo kwa raha yake.

Nikasema, "Hakulala. Alizirai kwa moshi wa jenereta yangu. Niliamini amelala kwa sababu sikumwacha aseme. Na nimelijua hilo kwa sababu siku chache baadaye mtoto wangu alizirai pahali hapo hapo."

Twalib alivuta pumzi kwa nguvu. Afisa akaweka kalamu chini. Lakini Katana ndiye aliyesema kwanza, naye hakusema juu ya kesi. Aliinama mbele, akaniuliza, "Salma? Na amepona?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Namshukuru Mungu," akasema, na akarudi nyuma kwenye kiti chake, akaushika uso wake kwa mikono miwili.

Baadaye, afisa alipoeleza haki zake zote, za kufukuzwa na za kuumizwa kazini, alimuuliza kama anataka kurudi kwenye kazi yake. Katana akafikiri. Akasema ataangalia, lakini kwanza ana jambo moja. Tangu siku ile, mtaani Mtopanga anakokaa, watu wanamwita Bwana Usingizi. Jina lilitoka kwetu likamfikia mpaka kwenye mlango wa nyumba yake. Watoto wake wanaitwa watoto wa Usingizi. "Nataka Mama Salma awaambie watu kwamba sikulala. Kazini, na nyumbani kwangu pia."

Kazini nilisema siku ile ile, uani, watu wote wamesimama, na nilisema kwa sauti ile ile niliyomfukuzia. Twalib alikuwa nyuma ya gari, hakutokeza. Lile la nyumbani ndilo lililonitoa jasho. Nilikwenda Jumapili, walipokwisha kutoka kanisani. Ni nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vingi, ukumbi wa katikati ukiwa na majiko ya kila mpangaji mlangoni pake. Niliwaomba majirani waje. Walikuja wengine na miko mikononi, wakinitazama kama mtu aliyekuja kudai kodi. Nikaeleza. Nilieleza kama ninavyokueleza wewe, jenereta, stoo, ukuta, mvua. Nikasema, "Huyu hakulala. Mimi ndiye niliyeshindwa kuona."

Majirani wakaguna, wakasema pole, wakarudi kwenye vyungu vyao. Mkewe, Dama, alikuwa ameketi kwenye kigoda. Nilipomkaribia kumpa mkono hakusimama kuupokea. Akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa akirudi anatapika, anatembea anayumba. Nikasema ni mnazi. Nikamnyima chakula, siku mbili nzima. Akiniambia ni kichwa, namwambia nenda ukamdanganye mwengine." Akaniangalia. "Wewe umekuja hapa umemwomba radhi mbele ya watu, umemaliza. Mimi nitamwomba vipi?"

Nilikaa naye tu. Akanipa chai, nikanywa.

Katana alirudi kazini baada ya wiki kadhaa, lakini hakuwa kama zamani. Alisahau vitu. Unamtuma kuleta sabuni, anasimama katikati ya ua ametulia. Daktari alimpima, akasema sumu ile ikimkaa mtu siku nyingi huacha alama. Nikampa kazi ya kupokea mzigo mlangoni, nje, penye hewa, na malipo ya kuumia kwake nikayatoa mwenyewe kidogo kidogo. Ndiyo sababu tulihama ile nyumba ya ghorofa ukaniuliza mbona tunarudi kwenye chumba na nusu, nami nikakwambia ile ilikuwa na ngazi nyingi. Alikaa nasi miaka, kisha akarudi Kaloleni kulima. Dama alikwenda naye. Nasikia wana minazi na mbuzi, na bado anasahau.

Mimi na Twalib tulinuniana mpaka Ramadhani iliyofuata, kisha akaja na tende, yakaisha. Hajawahi kusema alikosea. Lakini ile picha aliifuta mbele yangu bila kuombwa.

Tulianza kukaa na wafanyakazi kila Alhamisi asubuhi kabla ya mashine kuwashwa. Nilidhani watamwaga yote. Wakanyamaza. Alhamisi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya, mtu anakohoa. Nilikasirika ndani ya moyo, nikiona ninawapa nafasi nao wanaikataa. Kisha Mwanahamisi akasema sakafu ya mbele ya mashine kubwa inateleza. Siku hiyo hiyo nikaleta fundi. Alhamisi iliyofuata walisema watu watatu. Hawakuwa wakingoja nafasi ya kusema, Salma. Walikuwa wakingoja waone aliyesema amefanywa nini.

Na yaliyotoka sikuyategemea. Glavu nilizonunua zilikuwa za mikono ya wanaume, kwa hivyo wanawake walikuwa wakishika dawa ya madoa mikono mitupu, kucha zikaharibika. Msala wa wanawake haukuwa na komeo. Kwa sababu hiyo walikuwa hawanywi maji kutwa nzima, katika joto lile, nami nilikuwa nawasifu kwamba hawapotezi wakati. Komeo la mlango! Limenunuliwa dukani mtaa wa pili, fundi amelipiga kabla ya adhuhuri. Wanawake sita walikuwa wakikaa na kiu kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Nimefanya makosa mengine, nikikuandikia yote hutapata usingizi. Niliwaweka watu vibarua miaka, nikiwalipa jioni kwa jioni, nikidhani kumpa mtu pesa mkononi ni wema, kumbe nilikuwa namnyima likizo, na uhakika, na siku ya kuugua. Mama mmoja alijifungua akarudi baada ya wiki tatu kwa kuogopa nafasi yake, na mimi nikamsifu kwa bidii. Sheria inampa miezi mitatu yenye mshahara, na mimi nampa sifa! Alikuwa akivuja maziwa kwenye kanzu, nami naona.

Sasa wewe. Kiwanda utakachokwenda si dobi la mama yako. Utakuwa na meza, na watu wa juu yako watakaotaka mambo yaende haraka, na msimamizi wa zamu atakuja kwako, kesi imekwisha kichwani mwake, anataka sahihi yako tu. Pengine atakuwa anasema kweli. Watu hukosea, wengine huiba, wengine hulala usingizi wa kweli kabisa, na kuna siku utamwachisha mtu kazi na itakuwa sawa. Sikwambii usiwe na uamuzi. Ila jichunguze unapomwambia mtu aketi: je, unataka kujua, au unangoja amalize? Mtu huona tofauti hiyo kabla hujafungua mdomo. Mimi siku ile hata kumngoja amalize sikumngoja.

Na akikwambia jambo lisilohusu kosa lenyewe, kama kwamba anaumwa, kwamba pahali pana joto, kwamba mashine ina mlio, usilione ni kisingizio. Inuka uende ukaliangalie kwa miguu yako. Hilo halimo kwenye mtihani wowote, na linachosha, na wenzako watakuona unajipendekeza kwa wafanyakazi. Acha wakuone hivyo.

Nimekuandikia kana kwamba unakwenda kuwa mwajiri, na mwenyewe nimeliona hilo sasa ninaposoma nyuma. Hukuajiri mtu, mamangu. Wewe nawe umeajiriwa. Utakuwa ndani ya jengo ambalo mimi sijaliona, chini ya paa nisilolijua, na hakuna Alhamisi nitakayoweza kuja kuuliza. Sheria hiyo hiyo inakufunika: pahali pakiwa na hatari ya wazi unaruhusiwa kutoka, useme, na hakuna wa kukulazimisha urudi mpaka parekebishwe. Usione haya kwa sababu una cheo. Usingoje mkutano, wala usitafute maneno mazuri. Toka kwanza, uwatoe wenzako, usimame penye hewa.

Kisha unipigie simu. Useme lolote, hata likiwa halina mpango. Mimi nitakusikiliza mpaka mwisho.

Mamako